Kuipa Blogu Yako Sura Mpya: Mwongozo Kamili wa Kupanga Upya Muundo na Mwonekano

Mara nyingi mwenye blogu anayetaka kuibadilisha sura huanzia kwenye orodha ya mandhari zilizo tayari, yaani sura za blogu zilizokwisha kusanifiwa na wengine: hutazama moja, hutazama ya pili, huipenda ya kumi na mbili kwa sababu ya picha kubwa ya milima iliyowekwa juu yake, kisha huiwasha. Mwongozo huu unafuata njia iliyo kinyume. Unaanza na msomaji na simu yake, unapita kwenye maandishi yenyewe, na unafika kwenye uchaguzi wa mandhari karibu na mwisho, wakati ambapo maswali mengi yameshajibiwa. Utaratibu huu nimeutumia katika blogu yangu ya mapishi na safari za pwani, ambayo nimeiandika kwa Kiswahili tangu mwaka 2012 na kuipanga upya mara tatu: mara ya kwanza kwa haraka na kwa hasara, mara mbili zilizofuata kwa subira.

Ninawalenga zaidi watumiaji wa Blogger na WordPress, majukwaa mawili ya kuandikia na kuendeshea blogu. Blogger ilianzishwa mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, mwaka uleule ambao WordPress ilitolewa kwa mara ya kwanza. Katika miaka ya 2000, mwanablogu Ndesanjo Macha na wenzake walipokuwa wakiwahimiza Waswahili waandike mtandaoni kwa lugha yao, msomaji wa blogu aliketi mbele ya kompyuta kwenye mgahawa wa intaneti. Safu tatu, saa ya ukutani pembeni, kihesabu cha wageni na maandishi yanayotembea kutoka kulia kwenda kushoto vyote vilienea katika skrini ile. Msomaji wa leo ameshika simu kwa mkono mmoja, ndani ya daladala au matatu, na kila MB ameinunua. Muundo wa zamani haukuwa mbaya. Ulitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye sasa hayupo.

Isome blogu yako kwa macho ya mgeni

Azima simu ya bei nafuu ya ndugu au jirani, izime Wi-Fi, utumie bando la kawaida, kisha ufungue makala yako moja ya zamani kupitia kiungo ulichojitumia kwa WhatsApp. Usianze na ukurasa wa mwanzo, kwa sababu wasomaji wengi hawaanzii hapo. Wao huangukia katikati ya blogu, kwenye makala waliyotumiwa na rafiki au waliyoipata kwa kutafuta. Hesabu sekunde zinazopita kabla ya sentensi ya kwanza kusomeka. Hesabu ni mara ngapi kidole gumba kinasukuma ukurasa juu kabla ya kuifikia sentensi hiyo. Kisha toka nje saa sita mchana, usome aya mbili juani.

Yaandike uliyoyaona katika daftari. Baada ya hapo, watafute watu wawili wasioifahamu blogu yako, uwaombe watafute kitu mahususi, kwa mfano namna ya kupika samaki wa kupaka, na wewe ukae kimya. Kukaa kimya ndiyo sehemu ngumu, kwa kuwa utatamani kuwaelekeza. Lakini pale wanapositasita ndipo palipo na kasoro, na kasoro hiyo huwezi kuiona mwenyewe kwa sababu umeshaizoea. Katika blogu yangu, wote wawili waligusa picha ya juu wakidhani itawapeleka kwenye mapishi. Ilikuwa pambo tu, na haikuwapeleka popote.

Malizia kwa kutazama takwimu za blogu: ni makala zipi zinazosomwa zaidi, wageni wanatoka wapi, na wanatumia kifaa gani. Makala kumi za kwanza katika orodha hiyo ndizo utakazozitumia kupima kila uamuzi utakaofuata.

Weka nakala rudufu, na uhakikishe kuwa imekamilika

Kwenye Blogger kuna nakala mbili tofauti, na wengi huchukua moja tu. Ya kwanza ni ya mandhari, inayopatikana chini ya sehemu ya mandhari. Ya pili ni ya maandishi na maoni, inayopatikana ndani ya mipangilio. Kwenye WordPress vilevile, faili la XML linalotolewa na zana ya kuhamisha maudhui lina maandishi na anwani za picha, lakini picha zenyewe hazimo. Nakala iliyokamilika ni ile yenye hifadhidata pamoja na folda ya picha, mandhari na programu-jalizi, yaani programu ndogo zinazoiongezea blogu kazi. Iweke mahali pawili, na angalau nakala moja isiwe kwenye seva ileile inayobeba blogu.

Ninalikazania jambo hili kwa sababu mwaka 2015 nilibadilisha mandhari usiku, juu ya blogu iliyokuwa hewani, bila nakala. Mandhari ya zamani ilikuwa na misimbo yake mifupi ya kupangia orodha ya viungo vya chakula na maelezo ya picha. Ilipozimwa, misimbo ile haikuwa tena na wa kuifasiri, na makala zaidi ya themanini zikabaki na mabano matupu mahali palipokuwa na vipimo vya unga na sukari. Nilizirekebisha moja moja kwa wiki nyingi. Tangu hapo nimejiwekea kanuni mbili: sigusi blogu iliyo hewani kabla ya kujaribu pembeni, na maudhui hayahifadhiwi ndani ya zana za mandhari. Orodha iwe orodha ya kawaida, jedwali liwe jedwali la kawaida, ili mandhari yoyote itakayokuja iweze kulionyesha.

Orodhesha ulicho nacho

Fungua jedwali na uingize kila makala: kichwa, anwani, mwaka, kategoria, idadi ya picha, na uamuzi. Uamuzi ni mmoja kati ya minne: ibaki, irekebishwe, iunganishwe na nyingine, au iondolewe. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayokuonyesha blogu yako inahusu nini hasa, jambo ambalo pengine limebadilika tangu uianzishe. Mimi nilikuwa na kategoria 23, nyingine zikiwa na makala moja tu, na zilipounganishwa zikabaki tano. Kategoria chache zilizoshiba humwongoza msomaji. Nyingi zilizo tupu humpoteza. Mambo madogo madogo, kama jina la kiungo cha chakula au la mji, yaachie lebo.

Ukurasa wa makala: hapa ndipo kazi ilipo

Sanifu ukurasa wa makala kwanza, kabla ya ukurasa wa mwanzo. Chukua karatasi, chora mstatili wenye umbo la simu, na uandike kwa mpangilio mambo ambayo msomaji anatakiwa kuyaona: jina la blogu kwa udogo, kichwa cha makala, tarehe na jina la mwandishi, kisha maandishi yenyewe. Picha kubwa ikikaa juu ya kichwa, msomaji wa simu hulazimika kuipita kabla ya kujua amefika wapi. Mimi huiweka chini ya aya ya kwanza.

Ukubwa wa herufi ndio uamuzi wenye faida kubwa kuliko yote, nao hauna gharama. Kwa kawaida vivinjari huonyesha maandishi kwa pikseli 16. Kwa makala ndefu ninapendekeza 18. Nafasi kati ya mistari iwe kiasi cha 1.6 ya ukubwa wa herufi, na nafasi kati ya aya izidi ile iliyo kati ya mistari, ili jicho litambue mara moja mahali ambapo wazo limekwisha. Kwenye skrini pana, mstari mmoja usizidi herufi 75 pamoja na nafasi. Wachapaji wa vitabu wamekuwa wakilenga herufi zipatazo 66, ambazo kwa Kiswahili ni takriban maneno kumi. Ukiandika max-width: 60ch kwenye CSS (msimbo wa mwonekano wa ukurasa) ya safu ya maandishi, utakuwa karibu na kipimo hicho. Kwenye simu, acha ukingo wa pikseli 16 kila upande. Ukingo mwembamba kuliko huo huyafanya maneno yagusane na fremu ya simu.

Hapa Kiswahili kina mahitaji yake, na mandhari nyingi zilizosanifiwa kwa kutumia sentensi za Kiingereza haziyafahamu. Lugha yetu hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. Neno «walivyotukaribisha» lina herufi 18, na kwenye simu yenye upana wa pikseli 360 mstari wa herufi za pikseli 18 huchukua takriban herufi 36; neno moja limekula nusu ya mstari. Kwa sababu hiyo usiyanyooshe maandishi kingo zote mbili. Yakinyooshwa, kivinjari hutafuta nafasi ya kutawanya, na kwa kuwa maneno ni machache na marefu, mapengo meupe huteremka katikati ya aya kama nyufa za ukuta. Pangilia upande wa kushoto, uache ukingo wa kulia uwe na kona zake.

Vichwa vya makala vina tatizo lilelile kwa ukali zaidi. Mandhari inayoonyesha kichwa kwa pikseli 40 kwenye simu itaingiza herufi zipatazo 15 tu katika mstari mmoja, na neno refu ama litakatwa ama litausukuma ukurasa utembee kando. Punguza kichwa cha makala hadi pikseli 28 hivi kwenye simu, vichwa vidogo viwe 22, na uongeze kwenye CSS overflow-wrap: break-word, inayolivunja neno lisiloenea, iwe kinga ya mwisho.

Kuhusu fonti, ninashauri moja kwa maandishi yote, au mbili ukiwa na sababu: moja ya vichwa na nyingine ya aya. Kila unene wa fonti na kila mlalo wake ni faili jingine ambalo msomaji analipakua, hivyo blogu yenye fonti tatu kwa unene wanne imemtuma msomaji kuchukua faili kumi na mbili kabla hajasoma neno. Kiswahili sanifu hakihitaji herufi zenye alama juu yake, kwa hiyo seti ya msingi ya herufi za Kilatini inatosha, na faili la fonti la aina ya WOFF2 lenye seti hiyo pekee huwa dogo. Njia nyepesi kuliko zote ni kutumia fonti iliyomo tayari ndani ya simu, kama Roboto kwenye Android, ambayo haipakuliwi kabisa.

Kabla ya kuikubali fonti yoyote, iandikie sentensi hii: «Ng'ombe wa Mng'ong'o amepita ng'ambo ya mto.» Kuna fonti za mapambo ambazo kiapostrofi chake kimetengewa nafasi kubwa, na neno likaonekana kama limekatwa vipande viwili. Nyingine hazina kabisa kiapostrofi kilichopinda, ambacho WordPress hukiweka yenyewe mahali pa kile kilichonyooka, na badala yake kinachukuliwa kutoka fonti nyingine isiyolingana. Msomaji wa lugha yetu hukutana na alama hiyo kila siku, na fonti isiyoiheshimu haifai hata iwe nzuri kiasi gani.

Rangi chache, zinazosomeka juani

Chagua rangi ya mandharinyuma, rangi ya maandishi, na rangi moja ya mkazo kwa ajili ya viungo na vitufe. Inatosha. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, unataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma ifikie angalau 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe, kinachopendwa sana kwa tarehe na maelezo ya picha, kinafikia takriban 2.85 tu, kijivu cha #767676 ndicho kinachopita kwa shida. Zana za kupima tofauti hii zipo mtandaoni bila malipo, lakini lile jaribio la kusoma juani saa sita mchana bado halina mbadala.

Viungo vilivyo ndani ya aya vipigiwe mstari. Rangi peke yake haitoshi kwa asiyetofautisha rangi vizuri, na kwenye skrini iliyofifishwa mwanga ili kuokoa betri rangi nyingi hufanana.

Picha na uzito wa ukurasa

Blogu nyingi za Kiswahili zina maandishi mepesi yaliyobebeshwa picha nzito mno. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu ya kisasa huweza kuwa na MB 4. Makala ya mapishi yenye picha sita za namna hiyo ina MB 24, na msomaji aliyenunua bando la siku atalimaliza kwa kusoma makala zako chache. Ukiipunguza kila picha hadi upana wa pikseli 1200 na ubora wa asilimia 75 hivi, mara nyingi itashuka hadi KB 150 au karibu na hapo, na zile sita kwa pamoja hazitafika MB moja. Kwenye skrini ya simu huwezi kuona tofauti.

Aina ya faili la picha iitwayo WebP hupunguza zaidi, nayo inakubalika kwenye WordPress tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021. WordPress yenyewe hutengeneza nakala ndogo za kila picha na kumpa msomaji inayofaa skrini yake, lakini ikiwa tu picha imeingizwa kwa njia ya kawaida, si kwa kunakili anwani ya picha kubwa. Kwenye Blogger, ukubwa umeandikwa ndani ya anwani ya picha: sehemu kama s1600 au s640 ndiyo inayoamua kipimo cha upande mrefu zaidi wa picha, na kuibadilisha kutoka ya kwanza kwenda ya pili katika makala za zamani kunaweza kupunguza uzito wake kwa kiasi kikubwa bila kupakia chochote upya.

Kila picha itajwe upana na urefu wake katika msimbo, ili kivinjari kiitengee nafasi kabla haijafika. Usipofanya hivyo, msomaji aliyeanza aya ya pili huona maandishi yakirukia chini ghafla. Picha za chini ya makala zicheleweshwe hadi msomaji anapozikaribia, lakini ile ya kwanza isicheleweshwe, kwa kuwa kuichelewesha huufanya ukurasa wote uonekane mzito. Maelezo mbadala ya picha yaandikwe kwa Kiswahili na yaseme kinachoonekana: «Vitumbua vinne kwenye sahani ya bati» humsaidia asiyeona, pia humsaidia ambaye picha haijamfikia kwa sababu ya mtandao.

Google hutumia vipimo vitatu vya mwenendo wa ukurasa, na zana yake ya PageSpeed Insights itakuonyesha hali yako bila malipo. Kitu kikubwa zaidi cha skrini ya kwanza kinatakiwa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na kuhamahama kwa vitu kusizidi 0.1. Usishindanie alama ya mia moja. Rekebisha picha, ondoa vikorombwezo visivyotumika, kisha endelea na kuandika.

Pindo lisimeze mji

Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Hakuna mbuni wa kanga anayelipanua pindo hadi mji ukakosa nafasi, lakini ndivyo blogu nyingi zilivyo. Upau wa kando una kalenda, kumbukumbu za kila mwezi tangu mwaka wa kwanza, bendera za wageni, matangazo yaliyokwisha muda na picha ya mwandishi mara mbili. Kwenye simu upau huo wote hushuka chini ya makala, na karibu hakuna anayeufikia.

Uondoe. Kisanduku cha kutafuta kihamie juu, karibu na menyu. Kategoria ziingie kwenye menyu yenyewe. Maelezo mafupi ya mwandishi yakae mwishoni mwa kila makala, yakifuatwa na viungo vya makala tatu zinazohusiana. Msomaji aliyemaliza kusoma ndiye aliye tayari kusoma nyingine, na hapo ndipo pa kumwalika. Mguu wa ukurasa ubebe mambo ya lazima tu, kama mawasiliano na haki za mwandishi.

Menyu iwe na vipengele vitano au pungufu, kwa maneno yanayosema kitu: «Mapishi» na «Safari» ni bora kuliko «Mengineyo». Kila kinachoguswa kiwe na ukubwa wa kutosha kidole gumba. Pikseli 44 kwa 44 ni kipimo kizuri. Ukurasa wa mwanzo, kwa upande wake, hauhitaji ubunifu mwingi: sentensi mbili za kueleza blogu ni ya nani na inahusu nini, makala mpya zipatazo sita, na makala chache za zamani ulizozichagua mwenyewe kwa sababu unazipenda au kwa sababu watu bado wanazirudia.

Sasa chagua mandhari

Ukiwa na mchoro wako na vipimo vyako, orodha ya mandhari mia itabaki na tatu au nne. Tafuta iliyosasishwa miezi ya karibuni, isiyolazimisha programu-jalizi zake, na inayosomeka hata JavaScript (msimbo unaoendesha mambo ndani ya ukurasa) ikizimwa, kwa kuwa wapo wanaosoma kupitia Opera Mini katika hali ya kubana data. Kwa WordPress, mandhari za vitalu, yaani zinazojengwa kwa vipande unavyovipanga mwenyewe, zilizoingia tangu toleo la 5.9 la mwaka 2022 hukuwezesha kupanga kichwa, mguu na kurasa zote bila kuandika msimbo, na mandhari zake za chaguo-msingi ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa Blogger, ninapendelea kuchukua mandhari rasmi iliyo nyepesi na kuirekebisha, kuliko kupakua ya bure kutoka tovuti nisiyoifahamu, ambayo huweza kuja na viungo vilivyofichwa.

Ijaribu pembeni. Mwenye Blogger anaweza kufungua blogu ya pili ya faragha na kuingiza humo nakala ya makala zake. Mwenye WordPress anaweza kuweka nakala ya majaribio kwenye kompyuta yake, au kwenye seva ikiwa mtoa huduma wake anaruhusu, akiifungia injini za kutafuta. Jaza zile makala kumi zinazosomwa zaidi, pamoja na iliyo ndefu kuliko zote, iliyo fupi kuliko zote, yenye jedwali, na yenye kichwa kirefu. Mandhari isipimwe kwa maandishi yake ya mfano.

Blogu ya Kiswahili izungumze Kiswahili hadi pembeni

Fungua msimbo wa ukurasa na utazame mstari wa juu. Ukikuta lang="en-US", blogu yako inajitambulisha kuwa ya Kiingereza, na programu inayowasomea wasioona inaweza kuyatamka maneno yako kwa kanuni za Kiingereza. Badilisha iwe "sw". Kisha pitia kila neno ambalo hukuliandika wewe: kitufe cha kutafuta, kiungo cha kuendelea kusoma, ujumbe wa ukurasa usiopatikana. Pale ambapo tafsiri ya mandhari haijakamilika, tafsiri mwenyewe.

Angalia upatanisho. Ukiviita vipande vyako «makala», andika «imeandikwa na». Ukiviita «machapisho», basi moja «limeandikwa na». Chagua neno moja na ulifuate kila mahali. Kihesabu cha maoni nacho hukwama kwenye umoja na wingi. «Maoni: 1» na «Maoni: 12» hukwepa tatizo lote. Tarehe iandikwe «12 Mei 2020», kwa sababu 05/12/2020 ni Mei kwa mmoja na Desemba kwa mwingine.

Zilinde anwani za zamani

Anwani ya makala ni ahadi kwa kila aliyewahi kuituma. Kama inawezekana, usiibadilishe hata kidogo, ingawa ina mwaka na mwezi ndani yake na hupendi inavyoonekana. Ikibidi ibadilike, weka uelekezaji wa kudumu wa aina ya 301 kutoka kila anwani ya zamani kwenda mpya yake, ukitumia lile jedwali la orodha. Usiwapeleke wasomaji wote kwenye ukurasa wa mwanzo. Blogger ina sehemu ya uelekezaji ndani ya mipangilio, na WordPress ina programu-jalizi za kazi hiyo.

Hakikisha pia kwamba kiungo kikitumwa WhatsApp kinaonyesha kichwa, maelezo mafupi na picha. Taarifa hizo husomwa kutoka lebo za Open Graph, yaani mistari ya msimbo inayoueleza ukurasa kwa programu nyingine, na picha ya pikseli 1200 kwa 630 hufaa sehemu nyingi.

Siku ya kuhamia

Chagua siku ya wageni wachache na asubuhi ambayo huna safari. Chukua nakala rudufu nyingine, washa mandhari, kisha pitia zile makala kumi kwenye simu mbili tofauti na kompyuta moja. Jaribu menyu, kisanduku cha kutafuta na sehemu ya maoni. Kwenye WordPress, hakikisha tiki ya kuzizuia injini za kutafuta imeondolewa, kwa kuwa tiki iliyobaki kutoka nakala ya majaribio inaweza kuifuta blogu katika matokeo ya utafutaji bila wewe kupata onyo lolote.

Katika wiki nne zinazofuata, fungua Google Search Console, zana ya Google inayoonyesha hali ya blogu katika utafutaji, kila baada ya siku chache na utazame kurasa zilizokosekana, ukiziwekea uelekezaji moja moja. Usibadilishe jambo jingine kubwa katika kipindi hicho, maana hutajua lipi limeleta nini. Wasomaji wa muda mrefu wataandika kusema kwamba walizoea sura ya zamani. Wajibu kwa heshima, na uwaulize ni kitu gani hasa hawakioni, kwa sababu mara nyingine wanatafuta kiungo ulichokiondoa ukidhani hakuna anayekitumia. Mwisho wa mwezi, waite tena wale watu wawili wa mwanzo, uwape simu ileile ya kuazima na swali lilelile la samaki wa kupaka, na uandike majibu chini ya yale ya kwanza katika daftari.